Chanjo ya Mbwa: Yaliyogunduliwa Serengeti na Pemba

Katika Kiswahili cha ofisini na cha mitaani, mtu anayetibu wanyama huitwa daktari wa mifugo, na jina hilo limebeba historia ya taaluma yenyewe, kwa kuwa tiba ya kisasa ya wanyama iliingia Afrika Mashariki kwa ajili ya ng'ombe, ikakulia katika mapambano dhidi ya sotoka, ndigana na ugonjwa wa miguu na midomo, na hata leo kijana anayehitimu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mjini Morogoro, Kabete katika Chuo Kikuu cha Nairobi, au Makerere kule Uganda, hutarajiwa kwanza kumtumikia mwenye ng'ombe, mbuzi na kuku. Mbwa na paka walibaki pembeni kwa hoja ambayo kijuujuu haina ubaya: mnyama asiyetoa maziwa, asiyechinjwa na asiyepelekwa mnadani hana sababu ya kugharimiwa dawa. Hoja hiyo hudumu mpaka mtu apige hesabu kamili, kwa maana gharama ya kutomhudumia mbwa haipotei hewani. Huhamia kwa binadamu, na mara nyingi humwangukia mtoto aliyeumwa njiani akitoka shule.

Ugonjwa unaoonyesha jambo hilo waziwazi kuliko mwingine wowote ni kichaa cha mbwa. Husababishwa na virusi, yaani vijidudu vidogo mno visivyoweza kuzaliana nje ya seli ya kiumbe hai, ambavyo hukaa katika mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini mwa mwingine kupitia jeraha la kuumwa, au kupitia mkwaruzo uliolambwa. Tofauti na vijidudu vingi vinavyosafiri katika damu, virusi hivi hushika njia ya mishipa ya fahamu, vikapanda taratibu kuelekea kwenye ubongo, kisha vikashuka tena hadi kwenye tezi za mate, na kwa sababu hiyo mnyama huwa tayari kuambukiza wakati uleule ambapo akili yake imeanza kuvurugika na hamu ya kuuma imempanda. Safari hiyo kwa binadamu huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu, ikitegemea umbali wa jeraha kutoka kichwani na wingi wa mishipa ya fahamu mahali palipojeruhiwa, na ndiyo maana aliyeumwa usoni yumo hatarini zaidi kuliko aliyeumwa mguuni. Mwendo huo wa polepole ndio nafasi pekee aliyonayo mgonjwa: jeraha likioshwa mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha chanjo zikaanza bila kuchelewa, kingamwili, yaani walinzi wanaotengenezwa na mwili wenyewe, huwahi kuvizuia virusi kabla havijafika kwenye ubongo. Dalili zikishaanza, koo likakaza kila mgonjwa anapoonyeshwa maji, karibu hakuna tiba iliyowahi kumrudisha mtu.

Inakadiriwa kwamba watu wapatao 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi wao barani Asia na Afrika, na kwamba karibu wote waliambukizwa na mbwa. Kwa Tanzania, uchambuzi wa kumbukumbu za watu walioumwa, uliochapishwa mwaka 2002 na Sarah Cleaveland na wenzake, ulikadiria vifo vipatavyo 1,500 kwa mwaka, idadi inayozidi mara mia moja ile iliyokuwa ikiandikwa katika taarifa rasmi. Pengo hilo halishangazi kwa anayejua vijiji. Mgonjwa wa namna hii hurudishwa nyumbani akafie kwao, au huhesabiwa kuwa amepatwa na malaria iliyopanda kichwani, au hupelekwa kwa mganga. Na kwa upande wa mbwa, uthibitisho wa ugonjwa hupatikana kwa kupima ubongo, maana yake ni kwamba mtu akate kichwa cha mnyama aliyeuawa na wananchi wenye hasira, akihifadhi katika barafu, kisha akisafirishe hadi maabara kabla hakijaoza. Ni wachache waliowahi kufanya hivyo, na kitu kisichopimwa hakiingii katika bajeti ya serikali yoyote.

Kwa kuwa maabara ilikuwa mbali, watafiti waliofanya kazi katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro walichagua njia iliyohitaji miguu kuliko mashine. Walianza na orodha ya watu waliofika zahanati na hospitali kwa kuumwa, wakawafuata majumbani, wakauliza mbwa yule alikuwa wa nani, alitoka upande gani, aliwauma wanyama gani wengine njiani, kisha wakaenda kwa wenye wanyama hao na kuuliza maswali yaleyale, hata ikawezekana kuuchora mnyororo mzima wa maambukizo kutoka mbwa hadi mbwa na kijiji hadi kijiji. Kazi hiyo, iliyoongozwa na Katie Hampson na kuchapishwa mwaka 2009, ilitoa namba ambayo umuhimu wake si rahisi kuuona mara moja: kila mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, aliwaambukiza mbwa 1.1 hadi 1.2 tu, na hesabu za milipuko ya zamani katika nchi nyingine duniani zilitoa wastani usiofika 2. Ugonjwa unaotisha kuliko karibu yote unasambaa kwa kujikokota. Surua, kwa kulinganisha, humwezesha mgonjwa mmoja kuwaambukiza watu zaidi ya kumi pale ambapo hakuna aliyechanjwa.

Namba hiyo ina tafsiri ya kihesabu. Ikiwa mbwa mmoja huambukiza wastani wa 1.2, inatosha kuzuia uambukizo mmoja tu kati ya kila sita ili ugonjwa uanze kufifia, na msomaji anaweza kuuliza kwa haki kwa nini basi Shirika la Afya Duniani linasisitiza kuchanja asilimia 70 ya mbwa wote kila mwaka. Jibu limo katika maisha ya mbwa wa kijijini, ambayo ni mafupi. Mbwa huyo hugongwa na magari, huliwa na chui au fisi, hufa kwa minyoo na njaa, na nafasi yake huchukuliwa haraka na watoto ambao hawajaona sindano, kiasi kwamba kijiji kilichochanjwa vizuri mwezi Januari huwa na mbwa wengi wasiochanjwa kufikia Desemba. Asilimia 70 ni akiba inayowekwa ili, baada ya miezi kumi na miwili ya vifo na vizazi, kinga iliyobaki isishuke chini ya kile kiwango kinachohitajika. Kwa mantiki hiyohiyo, desturi ya kuwaacha watoto wa mbwa wenye umri wa chini ya miezi mitatu, iliyozoeleka katika kampeni nyingi kwa kudhani kwamba miili yao haiwezi bado kuipokea chanjo, sasa inaonekana kuwa kosa, na mwongozo wa kimataifa unataka mbwa wa umri wowote achanjwe anapoletwa, kwani huenda asiletwe tena.

Utafiti huohuo uliiondolea msingi tiba iliyopendwa na halmashauri nyingi, yaani kuwapiga risasi au kuwawekea sumu mbwa wanaozurura. Kwa kuwa kasi ya maambukizo haikuonekana kubadilika sana kati ya mahali penye mbwa wengi na mahali penye mbwa wachache, kupunguza idadi yao hakuleti faida iliyotarajiwa, na huenda kukaleta hasara, kwa maana anayeuawa aweza kuwa ndiye aliyechanjwa juzi, na mwenye boma aliyepoteza mlinzi wake humtafuta mtoto wa mbwa mwingine kutoka kijiji cha jirani, pengine akiwa na virusi tayari. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia, ambako kichaa kiliingia mwaka 1997 pamoja na mbwa walioletwa kwa mashua, kiliua mbwa kwa malaki na ugonjwa ukabaki. Ni vyema pia kuitazama kwa mashaka picha ya mbwa koko asiye na mwenyewe: utafiti uliofanywa mjini Iringa ulionyesha kwamba karibu mbwa wote waliokuwa wakizurura mitaani walikuwa na kwao, isipokuwa kwao hakukuwa na geti. Mbwa mwenye mwenyewe anaweza kuitwa kwa jina, akashikwa na mtoto wa nyumba hiyo, akapelekwa chini ya mwembe ambako sindano inatolewa. Kampeni nzima imesimama juu ya ukweli huo mdogo.

Mahali ambapo hoja hizi zimejaribiwa kikamilifu ni kisiwa cha Pemba. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu, ambao kwao mate ya mbwa ni najisi inayohitaji kuoshwa kwa utaratibu maalumu, na kwa hiyo mbwa hakai ndani wala hapapaswi. Lakini fikihi imeruhusu kumfuga kwa ajili ya kulinda shamba, mifugo na kwa uwindaji, na mbwa wa Pemba huishi hasa kwa kazi hizo, wakiwa hawakuzoea kushikwa, jambo linaloifanya kazi ya mchanjaji kuwa ngumu kuliko bara. Chanjo ya kila mwaka kwa kisiwa kizima ilianza mwaka 2010, mwanzoni kwa kusuasua na baadaye kwa mpango bora zaidi. Watafiti, miongoni mwao Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, waliunganisha ule ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba na usomaji wa jenomu za virusi, yaani mfuatano mzima wa maelekezo ya kurithi yaliyomo ndani ya kila kirusi, ambao hubadilika kidogokidogo kadiri virusi vinavyorithishana na hivyo kuonyesha nani ni ndugu wa nani. Waligundua kwamba mwaka 2010 kulikuwa na minyororo mitano tofauti ya maambukizo iliyokuwa ikienda sambamba kisiwani, na kwamba yote mitano ilikuwa imekatika kufikia Mei 2014.

Kilichofuata kinafundisha zaidi kuliko ushindi wenyewe. Ugonjwa ulipotoweka, chanjo nayo ililegea, kama inavyolegea kila mahali ambapo adui haonekani; na mwishoni mwa mwaka 2016 virusi viliingizwa tena kisiwani mara mbili, vikawakuta mbwa wasio na kinga. Mlipuko huo ulizimwa Oktoba 2018 baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa. Bila usomaji wa jenomu, mtu angeweza kudhani kwamba ugonjwa haukuwahi kuondoka na kwamba fedha za miaka minne zilipotea bure. Kwa usomaji huo ikathibitika kwamba kazi ya kwanza ilikamilika, na kwamba kasoro ilikuwa katika kuacha. Hesabu za gharama zilizofanywa katika utafiti huo zinaonyesha kuwa chanjo kwa watu walioumwa ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ya kuzuia kifo kimoja kimoja, ila haiugusi mnyororo wa maambukizo hata kidogo, hivyo nchi inayoitegemea peke yake itaendelea kuinunua daima, ilhali chanjo ya mbwa huukata mnyororo wenyewe. Wanasayansi huuita mtazamo huu wa kuwatibu watu na wanyama katika mpango mmoja Afya Moja, jina ambalo limekuwa likitamkwa zaidi katika warsha za mahotelini kuliko linavyotekelezwa katika wilaya, ambako daktari wa binadamu na afisa mifugo mara nyingi huwa na wizara mbili, magari mawili na daftari mbili zisizosomeana.

Si kila utafiti juu ya mbwa umetoa jibu lililo wazi kama la Pemba. Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kupooza na kufa, na katika muda wa miezi michache takriban simba 1,000, sawa na theluthi moja ya simba wote wa Serengeti na Maasai Mara, walikuwa wametoweka. Kilichowaua kilikuwa ni virusi vya ugonjwa uitwao distempa, ndugu wa karibu wa surua ya binadamu na sotoka ya ng'ombe, ambao huwashambulia mbwa kwa homa, kikohozi, kuharisha na hatimaye degedege. Macho yote yaligeukia mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na mpango mkubwa wa kuwachanja ukaanzishwa, ukiwanufaisha mbwa hao bila shaka. Hata hivyo uchunguzi wa baadaye ulilifumua fumbo zaidi: simba walikuwa wamewahi kupata virusi hivyohivyo katika miaka mingine bila kufa kwa wingi, na tofauti ya 1994 ilikuwa ukame uliotangulia, ambao uliwadhoofisha nyati na kuwajaza kupe, kisha simba waliowala nyati hao wakajaa vimelea vya damu viitwavyo babesia, kwa hiyo maradhi mawili yakakutana katika mwili mmoja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015 uliongeza kwamba, ingawa ugonjwa ulipungua miongoni mwa mbwa waliochanjwa, simba waliendelea kuambukizwa, ishara kwamba wanyamapori wengine nao wanavihifadhi virusi hivyo. Mbwa, kwa mara moja, alikuwa amelaumiwa kupita kiasi.

Mjini sura ya maradhi ni nyingine. Katika kliniki za wanyama za Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, mgonjwa wa kawaida ni mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu anayetapika na kuharisha damu yenye harufu kali, na ugonjwa huo, uitwao parvo, ni mgeni kiasi duniani, kwani ulitambuliwa mwaka 1978 na katika muda mfupi ukawa umeenea mabara yote, ukiaminika kuwa umetokana na virusi vya jamii ileile inayowashambulia paka. Hakuna dawa inayoviua virusi vya parvo mwilini. Daktari humpa mnyama maji ya mshipani, humzuia kutapika na kumkinga na bakteria nyemelezi, akingojea mwili wake ujinasue. Wenye mbwa wengi hulalamika kwamba walichanja na bado mtoto akaugua, na malalamiko hayo yana maelezo ya kibiolojia: mtoto wa mbwa hurithi kingamwili kupitia maziwa ya kwanza ya mama yake, nazo kingamwili hizo, huku zikimlinda, huiua pia chanjo inayodungwa mapema, na kwa kuwa hakuna ajuaye siku hasa zitakapokwisha, sindano hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne kuanzia umri wa wiki sita au nane mpaka wiki kumi na sita. Aliyechanja mara moja akaridhika amenunua nusu ya kinga. Virusi vyenyewe hukaa hai katika udongo wa banda kwa miezi mingi, haviogopi spiriti, na huuawa kwa dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini.

Ugonjwa mwingine una jina lililotoka nyumbani. Katika miaka ya 1960 madaktari walieleza hali ya mbwa wa Nairobi kutokwa damu puani na kufifia ufizi hadi kufa, wakaiita ugonjwa wa kuvuja damu wa Nairobi, na baadaye ikajulikana kuwa ni maambukizo ya bakteria waitwao Ehrlichia canis, wanaoishi ndani ya chembe nyeupe za damu na kusambazwa na kupe wa kahawia wa mbwa, yule anayeweza kutaga mayai katika nyufa za ukuta wa chumba cha kulala. Hutibika kwa doksisaiklini, antibayotiki ya bei ya kawaida, ikitolewa kwa takriban wiki nne bila kukatizwa, sharti ambalo wenye mbwa wengi hulivunja mara tu mnyama anapoanza kula.

Kwa upande wa paka, madhara makubwa mara nyingine hutoka katika kabati la dawa la nyumbani. Ini la paka lina upungufu wa kimeng'enya kinachohitajika kuichakata parasetamoli, na kidonge kimoja tu alichopewa kwa huruma na mwenyewe kinaweza kuharibu damu yake isiweze kubeba oksijeni, ufizi ukageuka rangi ya udongo, na paka akafa. Mbwa naye hawezi kustahimili ibuprofeni kama binadamu anavyoistahimili. Mazoea ya kumgawia mnyama dozi ya mtoto hutokana na uhaba wa kliniki na pia na bei, na hayataondoka kwa kukaripiwa.

Uhaba huohuo wa huduma, pamoja na umbali na ukosefu wa umeme, ndio uliowafanya watafiti warudi kwenye chanjo ya kichaa na kuuliza swali ambalo viwandani hapakuwa na haja ya kuliuliza: je, ni lazima kweli chanjo ikae katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za selsiasi kutoka kiwandani hadi kwenye ngozi ya mbwa? Utafiti uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulichukua chanjo ya mbwa inayotumika sana na kuihifadhi katika nyuzi 25 kwa miezi sita, na nyingine katika nyuzi 30 kwa miezi mitatu, kisha ukawadunga mbwa na kupima kingamwili zao, ambazo hazikuwa duni kuliko za mbwa waliopata chanjo iliyotoka kwenye friji. Kwa matokeo hayo, katika mkoa wa Mara vilijaribiwa vyombo vya kupozea visivyohitaji umeme, vya udongo, vinavyofanya kazi kwa kanuni ileile ya mtungi wa maji ya kunywa: maji huvuja polepole kwenye kuta zake, hukauka kwa upepo, na katika kukauka huchukua joto la ndani. Chanjo iliyowekwa humo inaweza kukaa kijijini kwa mtu anayeaminiwa na wenzake, na mbwa aliyezaa mwezi Aprili, wakati gari la wilaya lilipita Februari na halitarudi mpaka mwaka ujao, watoto wake wakachanjwa Juni.